Mwaka Niliofeli Sheria

Desemba iliyopita nilikwenda Katumba kwenye ubatizo wa mjukuu wa Evelina. Baada ya misa tulirudi nyumbani kwake, watu wakaketi chini ya turubai, wali ukapita, nyama ikapita, na kabla soda hazijafunguliwa Evelina akanishika mkono akanisimamisha mbele ya wageni. Nilidhani atanitambulisha kama watu wanavyonitambulisha siku hizi, hakimu mstaafu, mama mheshimiwa, maneno ya namna hiyo. Badala yake aliwaambia kwamba huyu mnayemwona na miwani na mkoba mzuri alikuwa mwenzake wa chumba kimoja Mpanda mjini, na kwamba alifeli mtihani wa sheria mbele ya macho yake. Wageni wakacheka, kisha wakanitazama kuona kama nimekasirika. Binti yake mkubwa alimvuta upindo wa kitenge ili akae. Mimi nilicheka kuliko wote. Walionijua nikiwa nimeshafaulu ni wengi, lakini walionijua mwaka ule walikuwa wachache tangu mwanzo, na sasa mwenye nyumba wetu amefariki, hakimu niliyemfanyia kazi amefariki, amebaki Evelina peke yake wa kunikumbusha. Njiani kurudi mjini nikajiambia kwamba mwaka ule niuandike kabla na sisi hatujaondoka.

Nianze kwa kusema kwamba mara ya pili nilifaulu, ili msomaji asihangaike na hilo. Ninachotaka kukieleza ni ile miezi ya katikati, nilipokuwa sijui kama kutakuwa na mara ya pili. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mpanda ingali ndani ya Mkoa wa Rukwa, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba, mpiga chapa wa mahakama. Mimi na Evelina tulipanga chumba kwa Mama Skola, mjane Mfipa aliyekuwa na banda la chakula barabarani, karibu na stesheni, na nyumba ya vyumba vinne nyuma yake. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lile lilikuwa la cherehani ya Evelina. Hakuna aliyewahi kubishana juu ya hilo. Vitanda vyetu vilitenganishwa na kanga iliyotundikwa kwenye waya. Upande wake palinuka mafuta ya mashine na vitambaa vipya, upande wangu palinuka karatasi za kaboni, maana hata nikioga kwa kipande kizima cha sabuni rangi yake haikutoka kwenye vidole. Chakula tulikula kwa Mama Skola: ugali na migebuka, samaki walioletwa kutoka ziwani, kisamvu cha karanga siku za Ijumaa, na sukari ilipoadimika, chai ya asali ambayo abiria wa treni waliisifu na sisi wapangaji tulikuwa tumeichoka.

Siku zile mtu aliyekuwa kazini, ambaye hakupita kidato cha sita, aliweza kuingia chuo kikuu kwa kufanya mtihani maalumu wa watu wazima. Niliuomba ili nikasome sheria, nikiwa na uhakika mkubwa. Nilikuwa nimechapa hukumu za wilaya nzima kwa miaka kadhaa, za wizi wa ng'ombe, za mirathi, za watu waliokatana mapanga kwenye mashamba ya tumbaku, na Kiingereza cha mahakama nilikijua kama ninavyojua sala. Nilipanda treni hadi Tabora, nikafanya mtihani, nikarudi nikiwaambia watu kwamba Oktoba watanikosa. Mama Skola alianza hata kuulizia mpangaji mwingine. Jibu lilipokuja kwa posta lilikuwa la mstari mmoja tu, kwamba sikufikia kiwango. Nililisoma nimesimama mlangoni mwa ofisi, nikalirudisha ndani ya bahasha, nikaenda kumalizia hukumu iliyokuwa kwenye mashine. Sikulia. Nilishangaa tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo, na mshangao ule ulikaa nami wiki nyingi. Nilichukia zaidi huruma za watu. Wanawake wa kwaya walinishika bega kana kwamba nimefiwa.

Hakimu ndiye pekee ambaye hakunionea huruma. Alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa Sumbawanga, mwenye suti mbili na sauti ya taratibu, na alinitendea vizuri siku zote. Wiki chache baada ya jibu alinieleza kwamba wilaya yetu imepewa nafasi moja ya kozi ya ukarani, miezi tisa, mtu anarudi akiwa karani kamili, mshahara unapanda na nyumba ya serikali inawezekana. Jina lilitakiwa liende mkoani kabla ya mwisho wa Julai. Tarehe ya kuomba kurudia mtihani nayo ilikuwa mwezi uleule, na mtu hangeweza kushika vyote viwili, kwa sababu mtihani ungefanyika wakati kozi ikiendelea. Aliniambia nifikirie, lakini alisema kwa namna ya mtu ambaye ameshafikiri kwa niaba yangu. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, niliona si vibaya mtu mwingine akinifikiria.

Nilichokisikia siku chache baadaye hakikukusudiwa kunifikia. Nilikuwa na malaria, nimelala kwenye chumba cha nyuma ya banda, pale Mama Skola alipoweka magunia ya unga, kwa sababu kulikuwa na ubaridi. Hakimu alikuja kula mchana kama kawaida yake. Nilisikia kijiko, nikasikia anaomba pilipili, kisha Mama Skola akamuuliza kwa nini mtoto wake alifeli. Mama Skola aliwaita wapangaji wote watoto wake, hata wale waliomzidi umri. Hakimu alitafuna kwanza.

"Restituta ana kasi na hakosei herufi," alisema. "Lakini kichwa chake kimezoea kubeba maneno ya wengine. Mtihani ule unataka mtu aseme ya kwake."

"Na ni nani aliyemzoeza kubeba maneno ya wengine?" Mama Skola aliuliza. "Si wewe?"

Hakimu akacheka kidogo, akasema ndiyo maana anamtafutia kozi. Mimi niligeukia ukutani. Homa ilinipa kisingizio cha kutokula siku ile, lakini haikuwa homa. Kama angesema mimi ni mvivu ningempinga, kama angesema sijui Kiingereza ningemcheka. Lile la kubeba maneno ya wengine nilipojaribu kulijibu kimoyomoyo, maneno yaliyonijia yalikuwa ya hukumu nilizochapa. Nilipopona nilimwambia Evelina kwamba nitakwenda kozi, na kwamba habari za sheria zimekwisha.

Hapa inabidi niseme Evelina alikuwa nani. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili naye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akakulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akasoma shule ya huko, akajifunza kushona kwa masista. Kwa wakati ule mkimbizi hakutoka makazini bila kibali, na kibali chake cha kuishi na kufanya kazi mjini kilikuwa cha muda, cha kuhuishwa kila mara kwenye ofisi ya makazi. Alikuwa amesoma kuliko watu walivyodhani, maana alisoma vitabu vyangu vyote vya mtihani wakati mimi nikiwa kazini, akiniachia vipande vya uzi kama alama za kurasa, ingawa mtihani wenyewe, akiwa mkimbizi, hakuruhusiwa kuufanya. Nilipomwambia kwamba nimeamua kozi, aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Umekatazwa, au umeshindwa?"

Nikamjibu kwamba nimeshindwa.

"Basi sawa. Mimi nimekatazwa. Nilitaka tu kujua kama tuko pamoja."

Alisema bila uchungu. Alichukua kipande kingine cha kitambaa. Nilimkasirikia kwa siku mbili nzima, tukawa tunapeana chumvi mezani bila kusemeshana, na Mama Skola akatuuliza kama tunagombania mwanamume. Hata leo, nikikaa na kupima mambo yaliyonisukuma mwaka ule, sioni kwamba sentensi ile peke yake ilinibadili. Ilinifanya nione aibu, na aibu humfanya mtu ajifiche, haimfanyi afungue kitabu. Kilichonibadili ni gauni.

Mke wa mnunuzi mmoja wa tumbaku, tuliyemwita Mama Jeni, alimletea Evelina kitenge cha bei kubwa ashonewe gauni la harusi ya mdogo wake. Ilikuwa msimu wa harusi, watu wameshauza mazao, na Evelina alikuwa na kazi nyingi. Akampima, akakata, akamwita ajaribu. Mama Jeni alijaribu gauni pale bandani kwa Mama Skola, akazunguka mbele ya wateja, akasifiwa. Kisha akasafiri kwenda kwao Kasansa, akakaa huko wiki kadhaa, na aliporudi kulichukua, gauni likagoma kufunga kiunoni. Akasema fundi amemharibia kitambaa. Akataka alipwe kitambaa kipya, na akasema asipolipwa atakwenda polisi, kwa sababu mkimbizi hawezi kuja mjini kuharibu mali za watu. Aliyasema haya dirishani kwetu, kwa sauti, mtaa ukisikia.

Ushauri wangu, mimi niliyefanya kazi mahakamani, ulikuwa alipe yaishe. Evelina akanitazama kama aliyetarajia kitu kingine. Alinieleza, taratibu kabisa, kwamba akilipa amekubali kosa, na habari ya kosa itafika ofisi ya makazi kabla kibali chake hakijahuishwa. Asipolipa, watakwenda polisi, na huko hawataanza kwa kuuliza gauni, wataanza kwa kuuliza kibali. Mlango pekee uliobaki ni balozi wa nyumba kumi, kama Mama Jeni atakubali kwenda kwake kwanza.

"Wewe unaweza kurudia," alisema. "Mimi nikikosea mara moja narudi Katumba na cherehani inauzwa. Njoo unisemee."

Mama Skola ndiye aliyemshawishi Mama Jeni, sijui kwa maneno gani, najua tu kwamba alimpelekea sahani ya wali na samaki nyumbani kwake. Tukaenda kwa balozi Jumapili baada ya misa. Balozi alikuwa kijana kuliko mabalozi wengine, fundi baiskeli, na alitusikiliza huku akitengeneza tairi uani, mkono mmoja ndani ya karai la maji akitafuta tundu. Mama Jeni alieleza kwanza. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikakunja mikono nyuma kama hakimu wangu, nikasema kwamba madai ya mlalamikaji hayana msingi na yatupiliwe mbali kwa sababu zilizoelezwa. Sauti yangu ilikuwa nzuri sana. Balozi aliinua kichwa.

"Dada, sijauliza nani ameshinda," alisema. "Nimeuliza kilichotokea."

Mama Jeni akacheka. Nilisimama pale, jua likinipiga utosini, na kwa mara ya kwanza nikaikumbuka karatasi yangu ya Tabora ilivyokuwa hasa. Swali lilikuwa kama mtu anawajibika kutii sheria mbaya. Nilijibu kwa Kiingereza kizito kwamba, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa hapo juu, anawajibika. Na hapo juu hapakuwa na kitu. Miaka yote nilichapa sababu za mtu mwingine mpaka nikaamini kwamba zinajiandika zenyewe, kazi yangu ni kumalizia. Hakimu alikuwa amesema kweli, lakini hakusema yote. Tatizo lile lingeweza kutengenezwa, kama tundu lile la tairi ambalo balozi alikuwa amelipata wakati huo, akalishika kwa kidole huku akinisubiri.

Nikaanza upya, bila kukunja mikono. Nilisema Mama Jeni alipimwa siku fulani, mbele yangu. Nilisema alijaribu gauni kabla halijamalizwa, nikamtaja Mama Skola aliyekuwepo, naye akaitikia. Nilimuuliza Mama Jeni mwenyewe, kwa heshima, kama siku ile gauni lilimkaa. Akasema lilimkaa. Nikamuuliza kama kitenge kimeongezwa au kupunguzwa tangu siku ile. Akasema hajui. Nikasema kwamba kama siku ile lilimkaa na leo halimkai, basi kimoja kati ya viwili kimebadilika, gauni au mvaaji, na gauni tunaweza kulipima hapahapa kwa vipimo alivyochukua fundi. Nilisema pia lililokuwa upande wake, kwamba kitambaa ni cha thamani na harusi imekaribia, na kwamba mtu aliyetoa kitambaa ana haki ya kupata gauni la kuvaa, si maneno. Kulisema hili la mwisho hakukuwa kwenye mpango wangu. Lilitoka lenyewe kwa sababu lilikuwa kweli. Evelina akapima gauni, vipimo vikalingana. Mama Jeni alitazama chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao huko Kasansa alikuwa anatapika asubuhi, na kwamba mumewe bado hajaambiwa. Hakuna aliyecheka. Evelina alimwonyesha mishono ya ubavuni, ambako alikuwa ameacha kitambaa cha ziada, akamwambia atakipanua bila malipo na arudi keshokutwa. Balozi akasema shauri limekwisha, akatuomba tumpishe aijaze tairi upepo.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya sokoni ingawa ilikuwa ndefu, tukanunua miwa, tukala tukitembea. Evelina hakunishukuru kwa maneno. Aliniuliza ningejibuje lile swali la sheria mbaya. Nikamwambia sijui bado, niache nifikirie sababu za pande zote. Akasema hilo ndilo jibu la kwanza nililowahi kumpa ambalo halikunuka kaboni.

Jumatatu niliingia kwa hakimu kabla hajavua koti. Nilimshukuru kwa kozi, nikamwambia jina langu lisiende mkoani, ninarudia mtihani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja zake zote, kuhusu mshahara, nyumba, na kwamba nikifeli tena nitabaki mpiga chapa na nafasi itakuwa imekwenda kwa mwingine. Alizitaja zote, nami nikazijibu moja baada ya nyingine, na nilikiri kwamba ile ya mwisho sina dawa yake. Halafu alivua miwani akasema jambo ambalo limenifanya nimheshimu hadi leo.

"Ukienda kozi unarudi kwangu. Ukienda chuo kikuu hurudi. Nilifikiria ofisi yangu, Restituta, sikukufikiria wewe."

Nikamwambia kwamba kwa kuwa amesema hivyo, naomba kitu. Kila Jumatatu anipe swali moja, niandike jibu kwa mkono, si kwa mashine, naye asome na kunikosoa bila huruma. Alikubali. Nafasi ya kozi ilikwenda kwa kijana wa masijala ambaye alikuja kuwa karani mzuri sana. Mimi niliandika kila wiki mezani kwa Mama Skola, kati ya chakula cha mchana na cha jioni, meza zikiwa zimefutwa na harufu ya samaki bado ipo. Hakimu alinikosoa kwa wino mwekundu mpaka karatasi zikatisha. Evelina alisoma kabla yake na hakutumia wino, aliuliza tu kwa nini, na nilipojibu aliuliza tena kwa nini. Kuna jioni nilimwambia angekuwa wakili mbaya sana kwa adui yake. Akasema anajua. Baadaye sana, mimi nikiwa tayari kwenye kiti cha uhakimu mkoa mwingine, alinipigia simu kuniambia kwamba yeye na wanawe wamepewa uraia, na kwamba binti yake wa pili anaomba kusoma sheria. Yule binti alifaulu mara ya kwanza. Evelina hajaacha kunikumbusha.

Januari nilipanda tena treni. Mama Skola alinifungia wali na mgebuka wa kukaanga kwa njia nzima, na Evelina alinishonea blauzi nyeupe yenye mikono mipana ili, alivyosema, mkono wa kuandikia usibanwe. Chumba cha mtihani kilikuwa kilekile, madawati yaleyale ya shule ya sekondari, watu wengi wakubwa kuliko mimi, walimu, askari, mganga mmoja mwenye mvi. Swali la kwanza lilihusu jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote, kama mwizi aliyerudisha alichoiba anastahili adhabu. Nilikaa nikitazama dari kwa muda ambao mwaka uliotangulia ungenitia hofu. Nikawafikiria watu wawili wanaobishana juu yake, kila mmoja ana lake, na nikaanza kuandika alichosema wa kwanza. Sikuwahi kuandika kwa raha kama siku ile. Mkono uliuma hadi begani. Kengele ilipolia watu walijazana barazani wakiulizana kila mmoja alijibu nini. Mwaka uliotangulia nilikuwa katikati yao, nikimshika huyu na yule. Safari hii nilipita pembeni yao na kutoka hadi getini, nikamuuliza mlinzi ni wapi karibu panapouzwa chakula, maana nilikuwa na njaa kali.